Koleo la Darini

Rafiki yangu mmoja, fundi umeme, aliitwa mchana kweupe kuweka taa kwenye nyumba ya wenye nazo. Ilikuwa nyumba ya zamani ya paa bapa na vioo toka sakafuni hadi juu, iliyokarabatiwa na kuzungushiwa nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta.

"Vua hivyo viatu," mama mwenye nyumba alimwambia. "Na usiguse kuta zangu."

"Kizee kilichopakwa poda," fundi alijisemea, akapanda darini.

Humo giza lilikuwa totoro, na tochi ilimulika mbele tu. Alipotambaa, nyuma yake kitu nacho kikatambaa, kwaruu, kwaruu, kikisimama kila aliposimama. Akajua ni baba mwenye nyumba, amekuja kumchunga asiibe nyaya. Akasonya.

"Bosi, kama umenifuata mpaka huku, basi fanya kazi. Nipe koleo, limo kwenye mfuko hapo nyuma."

Akanyoosha mkono bila kugeuka. Koleo likawekwa kiganjani mwake, taratibu.

Ndipo akawasikia mke na mume, wote wawili, wakibishana nje bustanini.

Fundi akalivuta koleo. Aliyelishika upande wa pili hakuliachia.