Mhuri wa Nsowaa Kwenye Kitambaa cha Msiba

Afrakoma mwenyewe hapendi kuusimulia mkasa huu. Lakini sisi majirani zake wa Asafo, hapa Kumasi, tunaujua, na kitambaa chenyewe tumekishika kwa mikono yetu.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine, vumbi la harmattan, upepo mkavu wa jangwani, limetanda kila mahali, muuza madonge ya mahindi ya kenkey anapita akiita wateja. Afrakoma alifika kwenye duka la kuchapa vitambaa anakofanya kazi, akaifuta vumbi kompyuta yake, akaendelea na kitambaa cha msiba wa mjomba wake, Gyambibi. Ukoo ulitaka sare ya rangi nyekundu yenye miraba myeusi, mraba ndani ya mraba, mistari yote inyooke. Kazi hiyo ina ujanja wake. Unachora mraba mmoja tu, kompyuta inaurudia jora zima, kwa hiyo kila ukingo lazima uungane sawasawa na ukingo wa mwenzake. Ukikosea unene wa unywele, kosa hilo litajirudia mpaka mwisho wa jora.

"Wazee wameukagua mchoro?" aliuliza Asiamah, mwenye duka.

"Wameukagua, wameusifu."

"Na hizo alama za kwenye pembe?"

"Mapambo tu hayo, bosi."

Hayakuwa mapambo. Afrakoma alilelewa na mama yake mdogo, Nsowaa, dada wa huyo marehemu Gyambibi. Nsowaa alikuwa akipiga mihuri vitambaa vya msiba, na mihuri aliichonga mwenyewe kwenye vipande vya kibuyu. Kisha mtoto wa Gyambibi akafa kwa homa, na Gyambibi akatangaza kwamba dada yake ni mchawi. Aliichoma mihuri yote uani, akamfukuza. Nsowaa akafia ugenini, akafukiwa bila ngoma wala kitambaa, na jina lake likapigwa marufuku nyumbani. Kwetu, mtu akizikwa bila msiba ametupwa. Jambo hilo Afrakoma hakulisahau miaka yote.

Sasa alikuwa ameuchora upya mhuri mmoja aliokuwa akiukumbuka, akaukata robo nne, akaweka robo moja kwenye kila pembe ya mraba. Ukitazama mraba peke yake, huambulii kitu. Ukirudiwa, pembe nne zinakutana na mhuri wa Nsowaa unakuwa mzima. Ukoo wote ungemlilia Gyambibi huku umemvaa yule dada ambaye marehemu alimfukuza. Na siku hiyo Nsowaa naye angepata msiba wake.

Mchana walichapa kipande cha majaribio. Robo zilikuwa zimeachana.

Afrakoma alirudi kwenye skrini. Mistari ya kuongozea mchoro ilikuwa imesogea. Akairudisha mahali pake, akaifunga ili isiguswe, akaenda kula. Aliporudi ilikuwa imesogea tena, na safari hii zaidi.

"Bosi, umegusa kompyuta yangu?"

"Mimi nimeshinda na hii printa."

Ndipo akasikia harufu ya ugoro. Asiamah havuti ugoro. Gyambibi ndiye aliyekuwa hatoki nyumbani bila kikopo chake.

Afrakoma aliutoa mkono kwenye kipanya. Mshale wa kwenye skrini ukaendelea kutembea. Polepole. Ukaishika robo ya kwanza. Ukaivuta pembeni. Ukaifuata ya pili.

Asiamah alikuwa amesimama nyuma yake, ameona yote.

"Afrakoma," alinong'ona, "kitoe hicho ulichokiweka."

"Nani anataka kitoke?"

Macho ya Asiamah yalikuwa kwenye sehemu nyeusi ya skrini, ile inayoakisi chumba. Afrakoma naye akatazama. Alijiona yeye. Alimwona Asiamah. Na nyuma yao, kwenye kiti cha wateja, mzee ameketi, kitambaa kimepita begani.

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Akatazama tena skrini. Mzee alikuwa amesimama. Yuko karibu.

Woga ulimshika. Kisha hasira ikapanda, na ile hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mjomba," alisema, bila kugeuka. "Ulipokuwa hai tulikuogopa. Sasa umekufa, bado unataka tukuogope? Vibuyu uliviweza kwa sababu vilikuwa vichache. Hiki nitakichapa mpaka uchoke kuhesabu. Kaa hapo utazame."

Akaushika mshale. Kipanya kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kuna kitu kilikuwa kikikisukuma. Naye akasukuma. Robo ya kwanza ikarudi. Ya pili. Ya tatu. Ya mwisho ilikataa, akaivuta huku machozi yanamtoka, mpaka kingo zikagusana. Papo hapo akazibana tabaka zote za mchoro ziwe picha moja, ili asitokee wa kuchomoa kipande.

"Washa mashine, bosi."

"Wewe binti, una wazimu."

"Washa."

Siku ya msiba uwanja ulifunikwa na nyekundu na nyeusi, ukoo na sisi majirani tumevaa sare moja. Bibi Takyiwaa, aliyewahi kupiga mihuri pamoja na Nsowaa ujanani, aliinamia mapaja ya jirani yake, akakitazama kitambaa kwa muda mrefu.

"Huyu si Nsowaa?" aliuliza.

Bibi akaangua kilio, akaliita jina lile lililokatazwa, na wanawake wakampokea mmoja baada ya mwingine. Wazee walitazamana. Wangenyamazisha vipi kilio bila kuuvunja msiba wa Gyambibi? Nsowaa akaliliwa mpaka jioni, ngoma zikiwa zake pia. Mimi nilikuwepo, na sijawahi kufurahi hivyo msibani.

Usiku, nyumbani kwake, Afrakoma alivua kitambaa chake. Kilikatwa kwenye jora lilelile, katikati ya vya wengine. Kwenye chake, robo za mhuri zilikuwa zimeachana, kidole kinapita. Tulileta vyetu tukalinganisha. Vyetu vyote vilikuwa vizima.

Kila akikifua, pengo linapanuka. Tulimwambia akichome, akatucheka. Alichukua sindano na uzi mweusi, akazivuta robo pamoja, akazishona moja moja. Juzi nilimkuta barazani, amekitandaza mapajani. Mishono yote ilikuwa imekatwa, haikuchakaa, imekatwa safi kwa kitu chenye makali.

Afrakoma aliitazama kidogo. Kisha akalamba ncha ya uzi mpya, akautunga kwenye sindano.