Kamba Hawatoki kwa Kijiko

Liwayway Dumalagan alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alipika keki za mchele za biashara yake na kuzisambaza madukani mjini Iloilo. Sasa alisimama mbele ya walimu na wazazi, kipaza sauti mkononi. Hii ilikuwa shule ya kumi na tisa kuhutubia, na ndiyo aliyokuwa akisoma binti yake, Tala.

Alieleza yale yale. Mzio si madeko. Tala akila kamba, wale wa baharini, midomo huvimba na pumzi humbana. Hapo achomwe sindano yake ya dharura pajani, papo hapo, kisha akimbizwe hospitali. Watu walipiga makofi. Mwalimu mkuu akampa cheti. Vyeti vilijaa kabatini kwake, na mtoto bado hakuwa na pa kula kwa amani.

Kisha vikaja vitafunio, maana mgeni haondoki na njaa. Manang Pacing, yaani Dada Pacing kwa heshima, mama mtu mzima aliyepikia kantini, alileta tambi. Alimpakulia Tala, akaokota kamba mmoja mmoja kwa kijiko.

"Kula, mwanangu. Nimekutolea wote."

Tala akapokea. Kukataa chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu. Uma ulikuwa unakaribia mdomo mama yake alipomshika mkono.

"Weka chini, Tala."

Manang Pacing alinuna. "Kwani chakula changu kina sumu?"

Liwayway alitamani kwenda zake akalale. Lakini akauliza kama Manang aliisikia hotuba.

"Nani ataniita mimi kwenye hotuba? Nilikuwa jikoni, nawapikia nyie."

Maneno hayo yalimchoma. Shule kumi na tisa, na kote alihutubia watu wasioshika mwiko wa kupikia. Akamfuata mpishi jikoni, akamuuliza supu ya tambi aliichemsha na nini.

"Vichwa vya kamba. Utamu wenyewe si ndio huo?"

"Basi kamba ameshaingia kwenye kila uzi wa tambi, Manang. Ukimwokota juu, chini amebaki. Na upawa huu ukiuchovya kwenye sufuria nyingine, umempeleka na huko."

Manang Pacing akaketi.

"Mwezi uliopita nilimpa Tala supu. Akasema koo linamwasha. Nikamwambia ni mafua." Akafuta macho kwa aproni. "Ningemuua mtoto wa watu."

"Hukujua, Manang. Na mimi sikuja kukwambia."

Wakapanga. Chakula cha Tala kipikwe kwanza, meza ikiwa imeoshwa, kwa sufuria na upawa wake. Watoto wasibadilishane vyakula. Sindano ikae karibu, mahali pasipofungwa kwa ufunguo, na kila mwalimu ajue kuitumia.

Wiki tatu baadaye Tala alirudi nyumbani akasema ameomba sahani ya pili kantini. Liwayway alilia kidogo, kwa furaha na kwa uchovu. Shule ya ishirini ilipompigia simu kusema itamwandalia ukumbi, alisema ukumbi hauhitaji.

"Nionyesheni jikoni," alisema. "Nitaanzia huko."