Nywele za Nalongo

Hajati Aminah alipotoka kwenda kuswali magharibi, alimwachia Shamim saluni na onyo lile lile: mtu akiketi, muulize kwanza anataka nini, na kama nywele zake zina masharti. Shamim aliitikia bila kusikiliza. Mtaa mzima wa Wandegeya ulimjua kwa wepesi wa mkono, na mwenye sifa hana muda wa maswali.

Mgeni aliingia kimya. Mwanamke mwembamba, nywele timutimu, zimejaa vumbi. Alinuka maziwa... maziwa yaliyochacha.

"Nyabo, mama, keti hapa," alisema Shamim, simu sikioni, akicheka na shoga yake wa sokoni Kikuubo.

Mwanamke alilaza kichwa kwenye beseni. Maji ya uvuguvugu yalipomgusa tu, usingizi ukamchukua. Shamim aliosha, kisha akajaribu kuchana. Kitana kikavunjika jino. Kisogoni palikuwa na fundo gumu kama gunzi. Angemwamsha amuulize. Hakumwamsha. Alichukua makasi, akalikata fundo, halafu akasawazisha kichwa kizima huku soga zikiendelea.

Nywele zilipoanguka sakafuni, mtoto mchanga alilia.

Shamim akakata simu. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Akalia wa pili... chini ya kiti.

Mwanamke alifumbua macho, akajiona kwenye kioo. Alipapasa kisogo chake polepole.

"Mimi nilikuja kuosha tu," alinong'ona. "Mimi Nalongo, mama ya mapacha. Watoto walikufa kabla ya kuchezewa ngoma yao. Nyele ya Nalongo hapana kata mpaka ngoma ichezwe. Hiyo nyele ndiyo walikuwa wanashika... Kwa nini hukuniuliza?"

Shamim aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kuomba radhi. Lakini pazia lilifunuliwa, na Hajati akasimama pale, macho yake kwenye nywele zilizotapakaa.

"Shamim. Huyu ulimuuliza?"

Mdomo huponza kichwa.

"Nilimuuliza, Hajati. Alisema nikate."

Aliyasema hayo mbele ya mama aliyefiwa, bila kupepesa macho. Nalongo hakubisha. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Shamim kuliko tusi.

"Basi sawa," akasema. "Kama uliniuliza, nikakubali, mimi nimekupa. Wachukue."

Akatoka. Vilio vikanyamaza. Shamim aliposhika ufagio, hakukuta hata unywele mmoja sakafuni.

Tangu jioni hiyo, adhana ya magharibi ikianza, harufu ya maziwa yaliyochacha huingia saluni. Kisha kitu humvuta nywele, chini ya mtandio. Vidole vidogo. Upande wa kushoto... halafu wa kulia. Amemtafuta yule mama, hakuna anayemjua. Alikwenda kwa shehe kusomewa, na hata huko alisema alimuuliza yule mama. Shehe akashangaa: "Kama alikubali, unaogopa nini?" Shamim aliondoka ameinamisha uso.

Jana Hajati alimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Mwanangu, una nini? Niambie."

Shamim alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi: sikumuuliza. Vidole vidogo vikalegea. Vikasubiri.

"Kichwa tu, Hajati," alisema. "Kinaniuma."

Vikashika upya, safari hii karibu zaidi na ngozi.