Faini ya Kansas

Tangu mama yake afariki, Adela Vondra alikuwa akiamka kabla saa haijalia. Hakuna aliyemwagiza. Aliwasha jiko, akakoroga uji wa shayiri, akaweka bakuli mbili mezani na kukaa. Baba yake, Emil, aliingia jikoni akiwa tayari amevaa koti la kazi, akala amesimama, akasema, "Asante, binti yangu," kisha akatoka. Gari likanguruma uani, likapita kwenye maghala ya mahindi, likapotea. Adela akaosha vyombo, akaenda kusubiri basi la shule.

Kazi ya Emil ilikuwa kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitalini na kuwarudisha makwao. Katika mji mdogo kama ule wa jimbo la Nebraska, Marekani, mzee asiyeweza kuendesha gari hana njia nyingine ya kufika kwenye matibabu. Wazee walimpenda Emil kwa sababu alikuwa akiwaimbia nyimbo za Kicheki za babu zake, tena kwa sauti mbovu, mpaka wakasahau sindano zinazowangoja. Tangu majira ya baridi, mkewe alipofariki, hakuwa ameimba. Hakuwa mkali, wala hakuwa ameingia kwenye ulevi. Alitimiza kila kilichotakiwa, akarudi, akalala.

Adela naye alikuwa hivyo hivyo. Alijihisi kama mdomo uliopigwa sindano ya ganzi na daktari wa meno: unajua mdomo upo, lakini ukiung'ata hausikii. Shuleni marafiki walimkumbatia. Alisema asante, akaendelea na hesabu zake.

Mwezi wa Machi yeye na baba yake walikwenda jimbo jirani la Kansas kumpelekea mama mkubwa nguo za marehemu. Wakati wa kurudi njia ilikuwa tupu, imenyooka, mashamba ya ngano huku na huku. Adela aliangalia dashibodi akaona mshale wa mwendo umepita maili themanini, ukafika tisini. Alijua si sawa. Alitaka kusema, "Baba, punguza," lakini maneno yalikuwa mbali, na kuyafuata kulimchosha. Akageuza uso dirishani.

Taa za bluu zikawaka nyuma yao.

Trafiki aliinama dirishani. Alikuwa kijana, masikio yake mekundu kwa upepo. "Habari, bwana. Unajua ulikuwa ukienda mwendo gani?"

"Sijui," Emil alijibu.

"Maili tisini na moja kwa saa. Na mtoto umembeba. Kuna mgonjwa? Kuna dharura yoyote?"

"Hapana."

Trafiki alimtazama Emil, akamtazama Adela, akarudi kwenye gari lake kuandika. Alipokuja na karatasi ya faini, alisema polepole, "Hapa kuna tarehe. Ama ulipe kabla ya siku hiyo, ama ufike mahakamani. Usiipuuze, bwana. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema Emil. Akaichomeka karatasi kwenye mfuko wa mlango wa gari, wakaendelea na safari kwa mwendo wa kobe mpaka nyumbani.

Jumapili alikuja baba mdogo, Stan, dereva wa lori la nafaka, amebeba sahani ya maandazi yenye jamu ya plamu. Aliposikia habari ile alicheka mpaka makombo yakamruka.

"Kansas! Kaka, usinichekeshe. Trafiki wa Kansas atakufuata mpaka hapa amepanda nini, punda? Wewe ni mtu wa Nebraska. Itupe hiyo."

Emil hakuitupa. Hakuilipa pia. Tarehe ikafika, ikapita, na hakuna kilichotokea. Adela aliikumbuka mara mbili tatu, lakini katika nyumba ile hakuna aliyeanzisha mazungumzo, basi naye hakuyaanzisha.

Siku moja mwezi wa Mei alirudi kutoka shuleni akamkuta baba yake ameketi mezani, koti bado mwilini.

"Baba, mbona mapema leo?"

"Wamenisimamisha," alisema, kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa. "Kampuni imekagua leseni za madereva wote. Mahakama ya Kansas imewaandikia watu wa leseni wa hapa kwamba sikufika. Nisiposhughulikia, leseni yangu itafungwa. Leseni ikifungwa, kazi imekwisha."

"Na wazee wako?"

"Watatafutiwa dereva." Akafungua vifungo vya koti. "Bosi anasema kuna wakili anayesaidia watu bure pale maktaba kila Alhamisi. Anaitwa Bi. Pruett. Amesema niende."

Stan alifika jioni ile ile, uso umemshuka kidogo kwa aibu, lakini mdomo haukuwa umeshuka.

"Sawa, nilikosea. Kumbe haya majimbo yanasemezana! Lakini dawa ipo. Adela, wewe una pumu?"

"Hapana, baba mdogo."

"Kuanzia leo unayo. Sikiliza: mlikuwa njiani, ukaanza kukosa pumzi, baba yako akakanyaga mafuta akutafutie hospitali. Hakimu gani atamfunga baba wa namna hiyo? Atampa na peremende."

"Nikisema hivyo, baba atarudi kazini?"

"Kesho asubuhi!"

Adela alimgeukia baba yake. Emil alikuwa akitazama ukuta. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Adela akachukua ule ukimya kuwa ruhusa.

Alhamisi waliketi mbele ya Bi. Pruett katika chumba cha nyuma cha maktaba. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mafua makali, na boksi la karatasi laini mbele yake. Kabla baba yake hajafungua kinywa, Adela alisema yote kwa mkupuo mmoja, alivyojifunza: kifua kilibana, pumzi zikakata, baba akaongeza mwendo.

"Pole sana," alisema Bi. Pruett. Akaweka kalamu chini. "Trafiki alipowasimamisha, aliwaitia gari la wagonjwa?"

"Hapana."

"Baba yako alimwambia kwamba unaumwa?"

Adela aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto, shingo ikawaka, akatamani sakafu immeze. Miezi yote ile hakuwa amesikia kitu chochote ndani yake, na kitu cha kwanza kuja kilikuwa aibu.

"Mwache, Bi. Pruett," alisema Emil. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mtoto haumwi pumu. Trafiki aliniuliza kama kuna dharura, nikasema hapana. Hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa natoka kupeleka nguo za mke wangu kwa dada yake. Nilikuwa naendesha, lakini barabara siioni. Mtoto wangu yumo ndani ya gari, nami barabara siioni." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilipaswa kumkataza asiseme uongo huu tangu juzi. Nikakaa kimya tu."

"Mimi niliuona mshale, baba," Adela alisema kwa sauti ndogo. "Niliuona umefika tisini. Sikukwambia."

Bi. Pruett alipiga chafya, akajifuta, akachukua kalamu yake tena. "Haya. Sasa tunaweza kuanza kazi. Hadithi ile ya pumu mngeipeleka mahakamani, mngetoka na kosa la pili, baya kuliko la kwanza."

Akasogeza kiti. "Bwana Vondra, kosa la barabarani halibaki mpakani. Majimbo mengi yana mkataba wa kupashana habari. Kulipa faini ungeweza, lakini kulipa ni kukiri. Kosa lingefuata leseni yako mpaka huku, bima ikapanda, na bosi wako akaliona."

"Je, kupinga?"

"Ni haki yako. Ungesafiri ukajitetee mwenyewe, au ukaajiri wakili wa kule akusimamie usiende. Mimi nina kibali cha Nebraska tu, siwezi kusimama mahakama ya Kansas. Lakini utapinga nini? Umeniambia mwenyewe kwamba kweli ulikwenda mbio."

"Kweli."

"Basi kuna njia ya tatu. Unamwomba mwendesha mashtaka wa kule aiweke kesi kando kwa muda. Unasoma darasa la uendeshaji salama, unalipa gharama, unakaa bila kosa lolote. Muda ukiisha salama, kesi inafutwa. Si kila mahali wanakubali, na si kila dereva anakubaliwa. Ila hatua ya kwanza kabisa ni kueleza kwa nini hukufika. Bila hiyo, milango mingine yote imefungwa."

"Nitaeleza nini?"

"Ulichonieleza mimi."

Palepale alipiga simu kwa karani wa mahakama ile. Karani alisema madereva wa mbali huruhusiwa kusikilizwa kwa video. Emil aliandika ombi lake mwenyewe, kwa mkono, akifuta na kuanza upya. Adela alikaa pembeni akimchongea penseli.

Siku ya kusikilizwa walirudi katika chumba kile kile. Kwenye kompyuta alionekana hakimu mzee, nyuma yake bendera, na mwendesha mashtaka kijana aliyekuwa akipekua mafaili.

"Bwana Vondra," hakimu alisema, "uliitwa mara moja, hukuja. Kwa nini?"

"Mheshimiwa, sina sababu nzuri. Mke wangu alikuwa amefariki. Nikawa sishughulikii kitu. Nilikosa kwa kwenda mbio, na nikakosa tena kwa kutokuja. Mtoto wangu alikuwa garini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Hakimu alivua miwani. "Asubuhi hii nimesikia watu wanne wakilaumu kipima mwendo cha trafiki. Wewe ni wa kwanza kujilaumu mwenyewe. Mwendesha mashtaka?"

Kijana yule aliafiki ombi. Emil alitakiwa kulipa gharama za kutofika, kusoma lile darasa, na kukaa mwaka mzima bila kosa. Hakimu aliagiza watu wa leseni wa Nebraska waarifiwe kwamba amefika mahakamani, ili leseni isifungwe naye aweze kurudi kazini. Ilikwisha kabla chai ya Bi. Pruett haijapoa.

Nje, Emil aliingia garini lakini hakuliwasha. Jua lilikuwa kali, na watoto walikuwa wakiendesha baiskeli mbele ya maktaba.

"Adela, nisikilize. Nilidhani nikinyamaza, mambo yataisha yenyewe. Karatasi ile haikuisha, ilikaa ikakua. Na wewe ukaona nimenyamaza, ukabeba uongo ili uniokoe. Kosa ukilikabili mapema na kulisema lilivyo, lina ukubwa wake tu. Ukilikimbia, au ukalivisha uongo, linazaa mengine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Na siku nyingine ukiniona nakwenda mbio, piga kelele. Nipigie kelele hata kama nimenuna."

"Sawa." Adela aliangalia mikono yake. "Baba, zile nguo... ile sweta ya kijani. Sikutaka tuipeleke. Nilitaka kukwambia."

Emil alimgeukia. Hakuwa ameuliza, siku ile ya kufungasha. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Tutampigia mama mkubwa leo hii," alisema. "Atairudisha."

Ndipo Adela alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa kelele kama mtoto mdogo, kamasi na yote. Baba yake alitoa funguo kwenye gari, akaziweka mfukoni, akamvuta kifuani mwake, naye akaanza kulia.