Lifunge Leo

Walikutana duka la vipuri, saa sita mchana, watu wamejaa hadi mlangoni, mikono yao miwili juu ya mpira mmoja wa dirisha.

"Dada, huo nimeuona mimi kwanza," fundi friji akasema.

"Wewe umeuona. Mimi nimeushika."

Akacheka, akauachia. Yule dada, mshonaji, alikuwa na gauni la njano alilojishonea mwenyewe, limeloa jasho mgongoni, na hakuwa na muda wa kuchekewa. Aliishi kwenye gari-nyumba kuukuu na baba yake, dereva mstaafu aliyepooza upande mmoja. Madirisha ya pembeni hayafunguki, la paani limekwama. Jua likiwaka, mle ndani hapakaliki.

Kusikia hayo, fundi akaenda kuangalia. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Akapaka paa rangi nyeupe, akatundika turubai upande wa magharibi, akahamishia mtungi wa gesi kivulini. Dirisha la paani akasema ni la kubadilisha lote, ataliagiza. Mzee akaanza kumwita mkwe.

"Baba, jamani!"

"Nini? Mtu anashinda juu ya paa langu kila siku, nimwite kunguru?"

Alhamisi moja mzee alipelekwa kliniki kwenye mazoezi, na kwa kawaida hurudi jioni. Fundi akaja kimyakimya, mshonaji akiwa kazini, akaweka dirisha jipya, akaliacha wazi. Alitaka mpenzi wake alikute tu, ashangae, kisha yeye jioni hiyohiyo amwombe mzee posa. Ndipo ujumbe wa mshonaji ukaingia: "Mpenzi, lile dirisha lifunge leo, tafadhali."

Kumbe amepita nyumbani akaliona, akawaza, anaogopa vumbi. Akapanda tena, akalibana, akapiga simu.

"Nimelifunga, malkia wangu."

"Kweli? Wee! Roho yangu imetulia."

"Jioni nakuja, nina la kusema."

"Wewe na maneno yako!" Akakata simu huku anacheka, akarudi kwenye cherehani.

Masikini, kila mmoja alisikia lake. Mshonaji aliomba dirisha liwekwe. Mwenzake alielewa lizibwe. Saa saba dereva wa kliniki akamrudisha mzee mapema, akamlaza, akatia mlango kufuli kama siku zote, akaenda zake.

Binti ndiye aliyemkuta, saa kumi na moja. Kitasa kilimuunguza kiganja. Baba yake alikuwa amegeukia mlangoni, ameshakata roho.

"Umemuua baba yangu," alimwandikia fundi baada ya mazishi. Fundi hakujitetea. Aliamini hivyo hivyo.

Wiki ya tatu, mshonaji akitafuta picha ya baba yake kwenye simu, akaukuta ujumbe wake mwenyewe. Akausoma mara tatu. Akampigia.

"Njoo."

Fundi alikuja kwenye gari-nyumba amekonda, shati linampwaya.

"Niliandika mimi," mshonaji akasema. "Neno ni langu."

"Na mkono ni wangu."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza. Fundi akatoa pete, akaiweka katikati.

"Nilikuja nayo siku ile. Sasa sina hata wa kumwomba."

"Nakupenda, Mungu anajua. Lakini kila nikikutazama nakuona uko juu ya lile paa. Siwezi."

Fundi akainuka. Akaichukua pete, akashuka ngazi, akashika mlango kwa mazoea.

"Nifunge?"

Wakatazamana.

"Acha wazi," mshonaji akasema. "Uache wazi, mpenzi wangu, uende."