Minyororo ya Ruby

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya tumbaku mama aliponipa sahani iliyofunikwa kitambaa. Maharage na mkate wa mahindi.

"Mpelekee Bwana Hoyt bandani. Usikae huko."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hoyt Pruitt alikuwa mfunza farasi wa baba, na kwetu Tennessee mfunza farasi anayeshinda huheshimiwa kama mchungaji wa kanisa. Wiki iliyotangulia alikuwa amempiga risasi Ruby.

Ruby alikuwa farasi wangu wa kwanza wa maonyesho. Jike, mwekundu, mpole. Nikilia, aliniwekea pua shingoni na kunipumulia mpaka ninyamaze. Lakini majaji wa mashindano walitaka farasi anayenyanyua miguu ya mbele juu kabisa, kana kwamba ardhi inamuunguza. Basi Hoyt akawa anampaka mafuta ya haradali na dizeli juu ya kwato ili ngozi iungue, anafunga kwa nailoni, anaacha usiku kucha. Asubuhi anamvisha minyororo juu ya vidonda.

Ruby alinyanyua miguu. Tukashinda, na uwanja mzima ukapiga makofi.

"Baba, anaumia," nilisema.

"Unautaka ushindi au huutaki?"

Mwishowe miguu ilioza, akashindwa kusimama. Daktari wa mifugo hakuitwa, maana angeuliza maswali. Hoyt alichukua bunduki. Mimi nilifungiwa chumbani.

Sasa nilisimama mlangoni mwa banda na sahani yangu. Taa haikuwashwa.

"Bwana Hoyt?"

Farasi wote walikuwa wamejibanza ukutani, vichwa chini. Kisha nikaisikia harufu... haradali. Dizeli.

Chaka... chaka... chaka...

Minyororo ilikuwa inatembea, polepole, ndani ya kizimba cha Ruby.

Nikachungulia. Hoyt alikuwa amelala chali juu ya nyasi kavu, suruali imepanda hadi magotini. Miguu yake ilikuwa imezungushiwa nailoni, imekazwa, na chini ya nailoni ngozi ilikuwa inatoa povu.

"Binti," alinong'ona. "Mwambie aache."

"Nani?"

Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu.

Pumzi ya moto ikanigusa shingoni.

Sikugeuka. Sikuogopa pia, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilipeleka mkono nyuma, nikapapasa pua laini, baridi kama udongo.

"Anakusikia wewe," Hoyt alisema. "Tafadhali, mwanangu."

Niliweka sahani chini, mbali kidogo na mkono wake.

"Chakula chako, Bwana Hoyt."

Nikarudi nyumbani, nikanawa, nikala. Baba alipokwenda kumtafuta, alikuwa bado hai. Hospitalini walimkata miguu yote miwili. Walisema alilewa akajimwagia dawa yake mwenyewe. Jinsi nailoni ilivyojifunga mafundo, hakuna aliyeeleza.

Mimi nilifurahi. Niliamini Ruby amelipiza kisasi, sasa atapumzika.

Majira ya kuchipua baba akaniletea mwanafarasi mweusi, mdogo, mwenye kope ndefu.

"Huyu hatutamfanya lolote," aliniahidi. "Wako, wa kucheza naye tu."

Nilimpenda siku ile ile. Nilimbusu kwenye paji la uso.

Asubuhi tulimkuta amesimama akitetemeka, miguu yote minne imeungua hadi mfupa. Baba aliapa kwamba hakuna aliyefungua mlango. Nilimwamini, maana mto wangu wa kulalia ulikuwa unanuka haradali.

Mwanafarasi yule hakuwa amemkosea mtu. Kosa lake ni kwamba nilimbusu.

Sikufuga tena hata paka.

Nilipofika miaka ishirini na mbili, Wendell Tate, mtoto wa mpasua mbao, alipiga goti kwenye baraza yetu akiwa na pete ya mama yake. Nilikuwa nampenda kijana yule hadi nakosa usingizi. Nikafungua mdomo nimjibu ndiyo.

Shingo yangu ikapata joto.

"Sikutaki, Wendell," nilisema. "Unanichukiza. Sijawahi kukupenda hata siku moja." Nilisema kwa sauti, taratibu, neno moja moja, ili nisikike vizuri.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Ondoka."

Aliondoka analia. Nilibaki barazani nikimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya barabara, akienda kwa miguu yake miwili mizima.