Mita Sita za Waya

Injini ilikohoa mara mbili, ikameza maji, ikanyamaza. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekwisha, lakini mawimbi hayakuwa na habari hiyo. Yaliigeuza boti ubavu na kumwaga vyombo vyote sakafuni. Nahodha alifungua kifuniko cha injini, akatazama, akakifunga tena.

"Shemeji, hii imekufa," alisema. "Labda ufundi wako uifufue."

Fundi umeme hakucheka. Siku mbili alikuwa hajalala, tangu mama mkwe wake azidiwe na ugonjwa wa mapafu na familia iamue avushwe maji kwenda hospitali kubwa. Nahodha alikuwa kaka wa mkewe. Ndani ya kabini mama alilala na mpira wa oksijeni puani. Mashine iliyompa hewa ilitaka umeme kama wa nyumbani, na umeme huo ulitoka kwenye inveta, kisanduku cha kugeuza nguvu ya betri, ambacho fundi alikifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Dakika mbili baadaye inveta ililia pii, pii, pii, ikazima. Mashine ya oksijeni nayo ikanyamaza.

"Zima taa, zima friji, zima redio!" fundi aliita. Akaiwasha inveta upya. Ilifanya kazi dakika moja, ikalia, ikazima tena.

Alipima betri: volti kumi na mbili nukta nne. Nzima. Akatambaa hadi mbele kabisa ya boti, chini ya benchi, akaiwasha inveta tena na kupima pale waya ulipoingia, mashine ya oksijeni ikivuta umeme. Kumi na nusu! Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani. Aliushika waya, akauachia haraka. Ulikuwa wa moto.

Haikuwa ajabu kwake, na hapo ndipo palipomuuma. Mwanzoni inveta alikuwa ameifunga nyuma, kando ya betri, mahali pake. Kisha mama mkwe akasema feni ya dude lile itamnyima usingizi safarini, lipelekwe mbali. Angekuwa mteja mwingine, fundi angemwambia waya mwembamba ukirefushwa hula umeme na kuchemka. Kwa mkwe hakufungua mdomo. Aliunga mita sita za waya uliobaki kwenye kazi ya nyumba ya mtu, akajiambia Mungu atajalia. Injini ikinguruma, ilikuwa inaijaza betri na kuongeza volti, kosa halikuonekana. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Mama," alisema akipiga magoti kando ya kitanda, "nitazima kila kitu niihamishe. Dakika kumi."

Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. "Fanya, baba," alinong'ona.

Nahodha alimkalisha mama wima, akamwegemeza kifuani mwake. "Vuta taratibu, mama. Vuta. Toa."

Fundi alivua pete na saa. Alifungua waya mweusi wa betri kwanza, kisha mwekundu. Aliacha mlango wa chumba cha betri wazi, maana betri hutoa gesi na cheche moja ingewamaliza wote watatu. Aling'oa inveta, akaifunga ukutani, hatua moja kutoka kwenye betri, si juu yake. Macho yalikuwa yanamfumba yenyewe. Boti iliruka, kisu kikamteleza kwenye waya na kumchana kiganja.

"Unatoka damu," nahodha alisema.

"Itakauka. Maji ya kunywa?"

"Nusu dumu."

"Mpe mama. Tunaelekea wapi?"

"Upepo unatupeleka mashariki. Hospitali iko kaskazini."

Fundi alikata vipande vinne vifupi vya waya, akavipanga viwili kwa mwekundu na viwili kwa mweusi ili umeme upate njia pana. Fyuzi, inayokata umeme ukizidi, akairudisha kwenye mwekundu, karibu na betri, kwa sababu haraka si ruhusa ya kuchoma boti. Mwekundu kwanza. Mweusi mwisho. Cheche ndogo, basi. Kule kabini nahodha alikuwa ameacha kuhesabu pumzi kwa sauti, na ukimya ule ulimtisha fundi kuliko mawimbi.

Alibonyeza. Feni ikazunguka. Mashine ya oksijeni ikaguna, ikashika kazi. Alipima: kumi na mbili na kitu. Akasubiri pii. Haikuja.

"Anavuta," nahodha alisema. "Shemeji, anavuta."

Lakini betri bila injini ni kama mfuko wa pesa unaotolewa tu bila kuongezwa. Alipiga hesabu: itadumu saa nne, zikizidi sana tano. Nahodha alifunga turubai jekundu juu ya paa ili waonekane, akashika kasia mpaka malengelenge yakapasuka, akabadilishana na fundi, wakabadilishana tena. Jua lilipanda, likawachoma, likaanza kushuka. Hata kuogopa kulihitaji nguvu ambazo hawakuwa nazo.

Inveta ilikuwa imeanza tena kulia pii, pii, pale boti ya kubeba mchanga ilipoliona turubai na kugeuka. Wale mabaharia hawakuuliza mengi. Walitupa kamba ya kuwavuta, na mmoja wao akapitisha mkono kwa mkono betri yao wenyewe, nzito, imejaa chaji.

Hospitalini muuguzi alimhamishia mama kwenye mtungi mkubwa wa oksijeni. Rangi ilipomrudi midomoni, fundi alisimama miguuni pa kitanda, kiganja kimefungwa kitambaa kichafu.

"Mama, inveta ilizima kwa kosa langu. Ule waya haukufaa. Nilijua siku ile ile uliponiambia niihamishe, nikanyamaza."

Mama aligeuza uso kumtazama. "Kwa nini?"

"Kwa heshima, mama."

"Heshima hiyo ilikuwa inanizika, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alisogeza miguu chini ya shuka, akampigapigia nafasi iliyobaki kitandani. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa fundi hakuwahi kukaa kitanda kimoja na mkwe wake. Alikaa, akafunika uso kwa mkono usio na jeraha, akalia mpaka usingizi ukamchukua hapo hapo.